Maalumu na Maloom

Mwanangu alipofika miaka mitatu bila kusema neno hata moja, kila mtu mtaani kwetu Yeoville, Johannesburg, alijua sababu isipokuwa mimi niliyemzaa.

Mwenye saluni niliyokuwa nasuka nywele alijua. Mwanamke anayeuza nyanya pale kona alijua. Mwalimu wa kreshi, ndivyo tunavyoita chekechea huku, alijua kuliko wote, maana yeye alikuwa na cheti ukutani. Asubuhi moja mwaka 2017 alinisimamisha mlangoni, wazazi wengine wakipita na watoto wao wanaobwabwaja, akaniambia kwa ile sauti ya upole inayokufanya utamani kurusha kiatu:

"Mama, mnamchanganya mtoto. Baba Kizulu, wewe hicho Kiswahili chako, hapa Kiingereza. Kichwa kidogo kile kitabeba vingapi? Chagueni lugha moja. Na ingefaa iwe hii ya shule."

Hicho Kiswahili chako. Miaka imepita na sijayasahau maneno hayo.

Jumapili nikalipeleka jambo hilo kwa mama mkwe, Soweto, nikitegemea atanitetea. Mama mkwe wangu ni Mzulu aliyekaa uhamishoni Morogoro miaka mingi wakati wa mapambano dhidi ya makaburu. Mume wangu alizaliwa huko, na huko ndiko alikorudi ukubwani kunioa. Kiswahili cha mama kimeota kutu, lakini bado anakitumia akitaka nielewe kwamba hatanii.

"Mwalimu amesema kweli, makoti," akasema. Makoti ni mke wa mtoto; hata nikizeeka nitaitwa hivyo. "Mimi nimelea watoto kule kambini. Wangu na wa wenzangu. Najua watoto. Huyu amechanganyikiwa. Acha Kiswahili. Kilitusaidia kule, huku hakina kazi."

"Na Kizulu je, mama?"

"Eish, Kizulu si ni cha baba yake!"

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anachambua mfupa wa kuku kwa makini, kana kwamba ndani yake kuna kitu kimeandikwa.

Basi nikaacha. Wenye kujua walikuwa wawili na mimi nilikuwa mmoja, tena wa kidato cha nne.

Sijui kama unaelewa maana ya kumwogesha mtoto wako kwa Kiingereza. Kiingereza changu ni cha kuombea kazi na kujibu maswali ya ufahamu. Hakina neno la kumpa mtoto aliyeanguka akachubuka goti. Kwa Kiswahili ningesema pole, kipenzi changu, njoo nikupulize. Kwa Kiingereza nikawa nasema sori. Sori, kama umemkanyaga mtu kwenye foleni ya benki. Nyimbo nikaziacha. Vile viutani vya kumtafuta pua na kumuibia shavu nikaviacha. Mwaka ule nyumbani kwetu palikuwa na watu wawili wasiosema: mtoto, na mimi.

Na hakusema. Kiingereza hakusema, Kizulu hakusema. Alikuwa anapanga viatu vyetu mstari mmoja kutoka mlangoni hadi kitandani, akimaliza anaanza upya, na ukimwita anageuza sikio badala ya uso.

Nilimpeleka kliniki. Nesi akampima masikio, akasema ni mazima kabisa. Nikamuuliza, sasa ana nini? Yule nesi, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta, akamwangalia mwanangu kwa muda kabla hajanijibu.

"Bado hatujui, mama. Watoto wa namna hii wako wa aina nyingi. Tutamfuatilia. Mlete tena."

Nilitoka pale nafoka. Hamjui! Nimepanga foleni tangu jua halijatoka, nimebeba mtoto anayelia kwa sababu ya mwanga wa taa zenu, halafu mnaniambia hamjui? Nilimdharau yule nesi. Nikaona heri mwalimu wa kreshi, yeye angalau anajua. Katika watu wote walionisemesha habari za mwanangu miaka ile, nesi peke yake ndiye aliyemtazama kwanza, na yeye ndiye niliyemtukana njia nzima mpaka nyumbani.

Halafu ikaja zamu ya dada yangu. Dada ni mwalimu wa shule ya msingi Morogoro, na mwanangu alikuwa amemwona mara moja tu, kwenye kioo cha simu, mtoto mwenyewe kajificha chini ya meza. Akanitumia ujumbe wa sauti:

"Mdogo wangu, usione aibu. Huyo ni mtoto mwenye mahitaji maalumu. Siku hizi kuna shule maalumu, walimu maalumu, kila kitu. Wewe mkubali tu, utapumua."

Maalumu. Neno zuri, au siyo? Mgeni maalumu, kiti maalumu. Hebu mvalishe mtoto wako neno hilo uone linavyogeuka. Nikawa nalisikia kwenye kila kitu. Nikipita dukani nikaona bei maalumu, naumia. Dada hakuelewa kwa nini sikumjibu wiki nzima. Akadhani nimekubali.

Mwaka 2018 ulipoanza, kreshi wakanirudishia mtoto. Hakai kwenye duara na wenzake, walisema, akishikwa anapiga kelele. Mume wangu alikuwa analinda geti la watu mtaa wa Observatory, zamu ndefu, na mimi sikuwa na wa kumwachia. Nikaanza kwenda naye saluni.

Jirani na saluni yetu palikuwa na duka la vitambaa la mume na mke kutoka Pakistani. Mume alikuwa haonekani, yeye ni wa kuzunguka kutafuta mali. Mke ndiye aliyekaa, mama wa makamo, mtandio kichwani, viatu vya wazi na soksi, nyuma ya meza ndefu ya kukatia. Mtaa mzima uliwaita Wahindi na wao walikuwa wanachukia. Sikuwa nimewahi kuingia mle zaidi ya kuulizia bitana. Mwanangu aliingia siku ya kwanza. Nilimkuta chini ya ile meza, amekaa kwenye rundo la vipande vya nguo, anavipanga mstari mmoja, rangi kwa rangi.

"Samahani, anti," nikasema, "namtoa sasa hivi."

"Mwache, beti," akasema. Tulikuwa tunaongea Kiingereza chake cha dukani na changu cha shule, lakini hilo neno la mwisho halikuwa Kiingereza.

Beti? Shuleni kwetu beti ni za shairi. Ubeti mmoja, beti mbili. Nikadhani ananitania kwa namna nisiyoielewa, na mimi utani nisiouelewa huwa nauchukulia kama tusi. Kesho yake akaniita hivyo tena. Nikamuuliza kwa ukali kidogo kwa nini ananiita ubeti. Akacheka mpaka mtandio ukaanguka. Kwao beti ni binti. Nilipomweleza kwamba kwetu ni sehemu ya shairi, akaacha kucheka, akaniangalia kama mtu aliyeona paka anasoma gazeti.

"Nyinyi mna shairi?"

"Tuna shairi? Anti, neno lenyewe umelitamka hilohilo!"

"Shairi ni letu," akasema. "La Kiurdu."

Nusura tupigane. Nikamwambia mimi fasihi nilipata alama nzuri kuliko somo lolote, nikamtajia vina, mizani, kibwagizo. Yeye akanitajia ya kwao. Tukaanza kurushiana maneno, ngumi zikiwa viunoni: dunia, wakati, safari, kitabu, mauti, na kila neno linagongana na lake. Rafiki yangu wa saluni, Mkongo kutoka Bukavu, akachungulia mlangoni na kitana mkononi.

"Weye! Mteja anangoja huku kichwa nusu. Sasa unajuaka Kihindi?"

"Kiurdu," nikamsahihisha. "Nakijua. Nusu yake ni Kiswahili kilichovaa mtandio."

Kiburi hicho nilikaa nacho kama miezi miwili. Kazi ikipungua nilikuwa naingia kwa anti kumsikiliza, maana alikuwa na shairi moja alilokuwa analisoma karibu kila siku akikunja vitambaa, nusu anaimba, nusu anasema. Nilikamata neno hapa, neno pale, katikati najazia mwenyewe. Nikisikia dunia na safari, basi nimeshaelewa, ni msafiri analalamikia dunia. Nilikuwa namhadithia mume wangu jioni shairi lile linahusu nini, na kila siku lilihusu jambo lingine, na sikuona ajabu.

Mpaka siku ile ya maalumu.

Nilikuwa namalizia kichwa cha mteja, nikasikia sauti ya anti ng'ambo ya ukuta. Nikatoka kumwangalia mtoto. Anti alikuwa ameinama, mikono magotini, anamtazama mwanangu usoni. Akasema maneno marefu, akayarudia, akanyamaza kidogo. Halafu akamalizia, polepole, akimwonyesha mdomo: "Maloom nahin."

Kwenye sikio langu lilikuwa ni maalumu. Maalumu hivi, maalumu vile. Hata huyu! Hata huyu wa vitambaa, asiyejua mtoto anakula nini!

Sikumbuki nimeingiaje. Nakumbuka nimemnyanyua mwanangu kwa mkono mmoja mpaka vipande vya nguo vikaruka, na nakumbuka nilipiga kelele kwa Kiswahili, lugha ambayo nilikuwa nimekatazwa kuisema mbele yake.

"Usimwite mwanangu maalumu! Umesikia? Maalumu mwenyewe! Maalumu mama yako!"

Anti alirudi nyuma akagonga mabunda ya vitambaa. Hakuelewa kitu isipokuwa neno moja.

"Maloom?" akasema. "Maloom? Umekasirika maloom?"

Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mwanangu si mtoto maalumu, kwamba hana haki ya kumwita hivyo, kwamba nimechoka. Akanisikiliza. Halafu akafanya kitu ambacho sijamsamehe mpaka leo kwa sababu nilikihitaji sana: akavuta kigoda akaniambia nikae, akamimina chai yake ya maziwa kwenye kifuniko cha chupa, akasema, "Fikr mat karo, beti."

"Nimeshafikiri vya kutosha, anti! Nafikiri usiku na mchana!"

Hapo naye akashika kichwa. Fikr kwao si fikira, ni wasiwasi. Alikuwa ananiambia nisiwe na wasiwasi.

Akanieleza. Maloom ni kitu kinachojulikana. Nahin ni hapana. Maloom nahin: haijulikani. Ndiyo kibwagizo cha lile shairi, kila ubeti unaishia hapo. Hakuwa amemwita mwanangu kitu chochote. Alikuwa anamsomea. Na kwao msomaji husema mstari wa kwanza mara mbili, wasikilizaji wakae wananing'inia, ili mwisho ukifika wautamke pamoja naye kabla hajaumaliza. Alikuwa anamngoja mwanangu autamke.

"Hasemi, anti. Unajua hasemi."

"Najua. Namngoja tu."

Nikamwambia basi anieleze shairi zima, neno kwa neno, maana kumbe mimi nilikuwa najisomea langu. Lilikuwa la baba yake. Mzee alikuwa fundi wa redio, na jioni alikutana na wenzake kwenye mkahawa wa chai wakasomeana. Hakuwahi kuchapishwa popote. Ubeti mmoja ulisema: nilipotoka nyumbani njia niliikumbuka yote, sasa nyumba yenyewe iko wapi, haijulikani. Mwingine ulisema: nimemwashia taa mgeni nikapitiwa na usingizi, kama alikuja akaondoka, haijulikani. Halafu ukaja huu:

Kasuku wangu amejifunza jina langu. Ananiita mimi, au anaimba tu? Haijulikani.

Nikakaa na kile kifuniko cha chai mpaka kikapoa.

"Na mwisho wake?" nikamuuliza. "Kwetu mshairi akifika tamati hujitaja jina."

"Kwetu pia!" akasema, na kwa mara ya kwanza alifurahi kwamba tunafanana. Kisha uso ukashuka. Ule ubeti wa mwisho, wenye jina la baba yake, ulikuwa umemtoka. Alikuwa anaujua alipokuja Johannesburg. Mzee alifariki yeye akiwa huku, hakwenda kumzika. Aliwauliza kaka zake kwa simu, nao hawaujui, waliona ni mambo ya mzee tu. Kuna neno pia katikati ambalo hajawahi kujua maana yake, analisema kama alivyolisikia.

"Baba alijua," akasema. "Mimi nilikariri. Mimi pia kasuku, beti."

Usidhani alikuwa mtakatifu. Kesho yake aliniambia anajua dawa ya mtoto wangu, asali chini ya ulimi kila Ijumaa, na nilipokataa alinuna. Alikuwa haamini kwamba Waafrika wanaweza kuweka vina, alisema hivyo mbele yangu bila aibu. Lakini lile la kungoja alikuwa nalo.

Mwanangu alisema neno lake la kwanza mwezi ambao baridi ilikuwa inakata masikio. Sikuwepo pale karibu. Nilikuwa saluni na uzi wa nywele mdomoni. Anti alisema mstari wake, akaurudia, akanyamaza, na kutoka chini ya meza ile sauti ikasema, wazi kabisa, nyembamba, kama sauti ya mtu aliyekuwa anasema siku zote:

"Maloom nahin!"

Anti akapiga ukelele. "Wah! Wah! Beti! Njoo!" Nilikimbia nikakanyaga kitana kikavunjika. Akarudia mstari. Mwanangu, bila kuinua macho kwenye vipande vyake, akaumaliza. Nilikaa chini pale sakafuni nikalia mpaka mteja wangu akaja kunifuata na nusu kichwa chake.

Nilimpigia mama mkwe hapohapo.

"Amesema nini?" akauliza.

"Maloom nahin."

"Hiyo ni nini? Ni Kiswahili?"

"Kiurdu, mama."

"Yoh. Makoti. Lugha tatu zimemshinda, umemwongezea ya Wahindi?"

Nilicheka kwa hasira, kama kuna kicheko cha namna hiyo. Nikamwambia, lugha tatu eti ndizo zilizomfunga mdomo, ya nne ikaufungua. Mwambie na mwalimu wako mwenye cheti. Kuanzia siku ile nikarudi kwenye Kiswahili changu. Sikuomba ruhusa kwa mtu. Pole nikamrudishia, nyimbo nikamrudishia, pua nikaitafuta. Sisemi kwamba nilikosea kuacha. Niliachishwa na watu wanaojua.

Na dada nilimpigia. Nikamuuliza, mwalimu, neno maalumu asili yake nini? Akasema ni Kiarabu, maana yake ya zamani ni kinachojulikana.

"Vizuri," nikamwambia. "Sasa nani anamjua mwanangu? Wewe? Unajua kwa nini anageuza sikio? Unajua kwa nini viatu?"

"Mdogo wangu, hilo ni jina tu linalotumika..."

"Basi likatumike huko. Huyu wa kwangu si maalumu. Huyu haijulikani."

Nikakata simu. Tulikaa muda hatuongei.

Lakini nataka niseme na lile lingine, maana ningeishia hapo ingekuwa hadithi ya kanisani, ya kushuhudia. Mwanangu alikuwa na neno moja, na neno hilo alilitumia kwa kila kitu. Umwulize unataka uji, maloom nahin. Usimwulize, maloom nahin. Alilisema kwenye bafu, alilisema usingizini. Nilimshika mashavu nikamwambia sema mama. Ma-ma. Ni silabi mbili, mtoto wa jirani wa miezi minane anazisema. Aliangalia mdomo wangu kwa umakini, kama anavyoangalia viatu, akasema, "Nahin."

"Si anakujibu hapana?" mume wangu akasema.

"Au anaimba."

Mume wangu akakaa kitandani na sare yake ya ulinzi bado mwilini. Ni mtu wa maneno machache, nusu ya ukimya wa nyumba ile ilikuwa yake. Akasema taratibu, "Kama kasuku wa lile shairi," na kabla hajamaliza sentensi alijua hakupaswa kuisema. Nikageukia ukutani. Sikumkasirikia. Ndilo jambo nililokuwa naogopa tangu ile siku ya chai, na nilikuwa nimejitahidi mno lisitamkwe na mtu mwingine ndani ya nyumba yangu.

Nilimrudisha kwa nesi wa miwani ya plasta. Nikamweleza yote, mpaka kasuku. Nikamuuliza, anaelewa anachosema au haelewi? Safari hii nilimngoja amtazame.

"Sijui, mama," akasema. "Endelea kumsemesha."

"Kwa lugha gani?"

"Ile inayokutoka."

Nilimshukuru. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimeshamtukana.

Mwaka 2019 mambo yakachafuka mjini. Maduka ya wageni yakaanza kuvunjwa, mara huku, mara kule, na kila mtu mtaani mwetu alijua zamu yetu ni lini. Tulikuwa tunafunga saluni mapema. Rafiki yangu wa Bukavu akaacha kuongea Kiswahili barabarani. Mimi nikamwambia mwanangu kimoyomoyo, bora wewe, hakuna atakayekukamata kwa lafudhi.

Anti alikuwa ameniambia Ijumaa kwamba mumewe anataka waende kwa ndugu zake, Durban kwanza, baadaye labda nyumbani. Akasema tutaagana vizuri, ataniandalia wali. Nikamwambia asiondoke kabla hajakumbuka ubeti wa mwisho. Akasema anaukaribia, kuna neno limeanza kumjia. Jumatatu tulipofika, shata ya bati ya mlangoni ilikuwa chini. Kufuli mpya. Ukipiga jicho chini ya shata unaona sakafu tupu mpaka ukutani. Meza ya kukatia haikuwepo.

Nilipiga simu, haikupatikana. Nilimuuliza mwanamke wa nyanya, akasema anajua, wameenda Pakistani. Muuza simu wa upande wa pili akasema naye anajua, wako mtaa wa Mayfair, humuhumu mjini, kwa wenzao. Kila mtu alijua.

Mwanangu alisimama mbele ya shata. Alikuwa na miaka mitano, mrefu, viatu vimefungwa vizuri maana hilo anajifungia mwenyewe. Akaweka paji la uso kwenye bati. Akasukuma. Akachuchumaa akaingiza vidole pale chini, akavitoa, akavitazama. Hakupiga kelele. Ningependelea angepiga kelele.

Nikachuchumaa naye. Nikamuuliza, kwa Kiswahili, kitu cha kijinga, kitu ambacho mimi ndiye nilipaswa kukijibu:

"Anti kaenda wapi?"

Hakugeuza hata sikio. Nikadhani hakusikia, magari yalikuwa mengi. Nikamuuliza tena.

"Anti kaenda wapi?"

Nikanyamaza. Na mwanangu, paji la uso likiwa bado kwenye bati, akasema polepole, siyo kwa ile sauti ya kuimba:

"Maloom nahin."

Amenijibu! Kwa mara ya kwanza maishani nimemuuliza mwanangu swali na amenijibu, na jibu ni sahihi. Nilitaka kumwita anti. Nikageuka kabisa kuelekea mlangoni kwake kumwita, kisha nikaona kufuli.

Ndipo nikakumbuka. Nilikuwa nimesema mstari mara mbili. Mara mbili, halafu nikanyamaza, kama alivyokuwa anafanya anti. Bila kujua nilikuwa nimemsomea, na yeye amemalizia kama alivyofundishwa.

Nilibaki nimechuchumaa pale. Nilimtazama usoni, nikitafuta. Jicho lilikuwa na maji, lakini ilikuwa asubuhi ya upepo, na vumbi la barabara ile unalijua. Sikumuuliza mara ya tatu. Niliogopa jibu litakuwa lilelile.

Mwenye saluni akaniita, mteja amefika. Nikamwambia leo sisuki. Nikamshika mwanangu mkono tukarudi nyumbani kwa miguu, na pale kwenye robot, yaani taa za barabarani, tukisubiri ya kijani nikaanza kumsemesha. Nikamwambia hiyo ni nyekundu. Nikamwambia yule baba amebeba godoro. Nikamwambia anti ameenda, sijui wapi, na amekwenda na shairi lake halina mwisho, na mimi ni mama yako. Nilisema kwa sauti, kwa Kiswahili, barabarani, wiki ile ambayo hakuna aliyekuwa anathubutu. Watu wawili wakageuka kututazama. Mwanangu hakugeuka. Taa ikawaka, tukavuka, nami nikaendelea.